Istilahi za Kuhuisha Moyo na Pumzi: Kuchua, Kubonyeza au Kukandamiza?

Kamati za istilahi, hapa kwetu na kwingineko, zina desturi ya kuanza na nomino. Huletewa orodha ya majina ya kigeni, nazo hukaa kuyatafutia majina ya Kiswahili. Jina likipatikana na kupitishwa, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Desturi hiyo haina ubaya katika elimu ya mimea au ya madini, ambamo kukitaja kitu ndiyo nusu ya kukijua. Lakini yako maandishi ambayo ndani yake jina halina kazi kubwa, na uzito wote hubebwa na kitenzi. Maelekezo ya huduma ya kwanza ni miongoni mwa hayo.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki lugha inayotumika katika mabango, vijitabu na masomo ya Kiswahili kumfundisha mwananchi namna ya kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama na pumzi zake zimekatika. Hatutakitaja kijitabu wala ofisi yoyote, kwa sababu kasoro tutakazozieleza si za mfasiri mmoja. Zimeenea, na baadhi yake zimerithiwa kutoka katika lugha zilizofasiriwa. Nia yetu si kumwaibisha mtu, bali ni kuonyesha kwamba katika jambo hili uteuzi wa neno ni sehemu ya tiba yenyewe. Asomaye bango la namna hii akiwa na haja nalo hana nafasi ya kufungua kamusi.

1. Kitendo chenyewe

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya kitendo, maana istilahi isiyojua kitendo chake haiwezi kukitaja. Moyo ukisimama damu haitembei, na ubongo usiopata damu yenye hewa huanza kudhurika katika muda wa dakika 4 hadi 6. Aliye karibu aghalabu hana dawa wala mashine. Ana mikono yake na pumzi zake. Kwa mikono hukisukuma chini kifua cha aliyeanguka, damu ikasukumwa kutoka moyoni. Akiachia, kifua huinuka na moyo hujaa tena. Kwa pumzi huyajaza mapafu hewa.

Miongozo inayofuatwa sasa yasema kwamba kifua cha mtu mzima hushuka sentimita 5 na kisizidi sentimita 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 katika dakika moja, na kwamba kila baada ya mara 30 hupulizwa pumzi 2, kila moja ikichukua kama sekunde 1. Kwa mtoto, kifua hushuka theluthi moja ya unene wake, yaani kiasi cha sentimita 5. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni theluthi hiyo hiyo, yaani kiasi cha sentimita 4. Kasi ni ile ile kwa wote. Wahudumu wawili waliofunzwa wanapomhudumia mtoto, hukandamiza mara 15 kwa pumzi 2.

Msomaji aone kwamba kitendo hiki kina mambo manne ambayo kitenzi hakina budi kuyabeba au angalau kutoyapinga: nguvu, kina, kasi na kuachia. Kwa vipimo hivyo vinne tutayapima maneno yetu.

2. Kuchua na kukanda

Elimu hii si kongwe. Katika miaka ya 1950 Peter Safar na James Elam walithibitisha kwamba hewa ipulizwayo kwa mdomo yatosha kumpumulisha asiyepumua. Mwaka 1960 Kouwenhoven, aliyekuwa mhandisi wa umeme, pamoja na wenzake Jude na Knickerbocker, wote wa Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walichapisha makala kuonyesha kwamba damu yaweza kusukumwa kutoka moyoni bila kukipasua kifua. Nao walikiita kitendo chao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuchua.

Wakati ule neno hilo lilikuwa na sababu yake. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakikipasua kifua na kuushika moyo kwa mkono, wakiuminya na kuuachia. Jina la kitendo cha ndani likahamishiwa kitendo cha nje. Baadaye waandishi wa Kiingereza wenyewe waliliacha neno hilo katika maelekezo ya kawaida, wakachukua jingine lenye maana ya kukandamiza. Katika Kiswahili, hata hivyo, bado twakutana na “kuchua moyo”, “kukanda kifua” na “masaji ya moyo”.

Hapa pana hatari iliyo wazi. Katika lugha yetu anayechuliwa ni aliyeteguka mguu au aliyechoka mwili; huchuliwa kwa mafuta, kwa mkono unaoteleza juu ya ngozi. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Unga hukandwa. Yote hayo ni matendo ya upole, na katika yote mkono huenda huku na huko. Mwananchi aambiwaye “mchue kifua” atafanya vile vile alivyoambiwa: atakisugua kifua cha mwenzake kwa huruma nyingi, na damu haitatembea. Hatakuwa amekosea Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichomkosea.

Fundisho kwa mfasiri ni hili: asiulize tu neno la kigeni lina maana gani, bali aulize pia matini yake ni ya mwaka gani, na kama wenye neno hilo bado wanalitumia.

3. Kupiga, kubonyeza, kushindilia

Wengine, wakiona kwamba kuchua hakutoshi, wamekimbilia “kupiga”. Twasoma “piga kifua mara 30” na “mapigo 30”. Neno hili lina makosa mawili. Kwanza, laamuru pigo, na pigo ni tendo la ghafla lisilo na kina wala kuachia. Pili, “mapigo ya moyo” ni istilahi iliyokwisha kukaa mahali pake, yenye maana ya mdundo wa moyo wenyewe. Kijitabu kinachosema katika ukurasa mmoja “sikiliza mapigo” na katika ukurasa wa pili “toa mapigo 30” kinamtaka msomaji abainishe mwenyewe ni mapigo ya nani.

“Kubonyeza” ndilo neno linalopendwa zaidi siku hizi. Lakini aghalabu kinachobonyezwa hubonyezwa kwa kidole: kitufe, embe lililoiva, jipu. Lina kuachia ndani yake, na hiyo ni sifa njema, ila halina nguvu. Kifua cha mtu mzima hakishuki sentimita 5 kwa kubonyezwa. Huhitaji uzito wa mwili wote wa anayesukuma, mikono ikiwa imenyooka na mabega yakiwa juu ya kifua.

“Kushindilia” kuna mashabiki wake, na twakiri kwamba katika nguvu na mdundo hakuna neno linalolishinda. Anayeshindilia udongo wa sakafu au pamba katika gunia hutumia uzito wake wote, na hurudia kwa mwendo mmoja. Lakini kilichoshindiliwa kimekusudiwa kibaki chini. Kifua kisipoachiwa kikainuka chote, moyo haujai, na mkandamizo unaofuata hausukumi kitu. Neno linalofundisha kushindilia bila kuachia linafundisha nusu ya kazi.

Sisi twaliunga mkono “kukandamiza”, kwa sharti kwamba lifuatane daima na “kuachia”. Laonyesha nguvu itokayo juu kwenda chini, lakubali kipimo cha kina, na lazaa nomino ya kuhesabika bila taabu: mkandamizo, mikandamizo. Wako watakaosema kwamba neno hili limezoeleka katika siasa, na kwamba wakandamizaji ni wakoloni na wanyonyaji. Hoja hiyo haitushawishi. “Shinikizo” pia ni neno la siasa, na hakuna mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa kuambiwa ana shinikizo la damu. Wataalamu wa fizikia wanalo “kanieneo” lao, kwa hiyo “mkandamizo” hautawaingilia.

4. Taratibu na polepole

Kasoro tuionayo kuwa kubwa kuliko zote imo katika sehemu za watoto. Mfasiri aliyeandika “kandamiza kwa nguvu” kwa mtu mzima hubadili sauti afikapo kwa mtoto, akaandika “bonyeza taratibu” au “bonyeza polepole”. Twaielewa huruma yake. Lakini maneno hayo mawili katika Kiswahili yana maana mbili kila moja: bila nguvu, na bila haraka. Msomaji atazichukua zote mbili, na zote mbili ni makosa. Kasi ya mtoto haipungui. Ni mara 100 hadi 120 vile vile. Na kina chake, kwa kuulinganisha mwili na mwili, hakipungui pia: theluthi moja ya unene wa kifua si kubonyeza kwa upole.

Kinachobadilika ni chombo. Kwa mtu mzima ni mikono miwili, kwa mtoto ni mkono mmoja au miwili kadiri ya umbo lake, kwa mtoto wa chini ya mwaka ni vidole gumba viwili huku viganja vimeuzunguka mwili, au sehemu nene ya kiganja cha mkono mmoja. Vijitabu vingi vingali vinafundisha vidole viwili kwa mtoto wa chini ya mwaka. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2025 imeiacha mbinu hiyo kwa kuwa haikifikishi kifua kwenye kina kinachotakiwa. Basi mfasiri aandike kitenzi kimoja kwa wote watatu, yaani kukandamiza, na abadili chombo peke yake. Apendaye kumwonya msomaji asimuumize mtoto na amwambie kipimo. Kipimo ndilo onyo.

Hapa yafaa kuonya pia juu ya “kisigino cha mkono”, ambacho ni tafsiri ya neno kwa neno. Kisigino cha Waswahili kiko mguuni. Tuseme “sehemu nene ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono”. Ni maneno mengi, lakini hakuna atakayeuliza ni wapi.

5. Mtoto ni nani?

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18. Wataalamu wa huduma ya kwanza humhesabu kuwa ni wa tangu mwaka 1 hadi dalili za kubaleghe. Wazazi nao wana hesabu yao. Mfasiri aandikapo “mtoto” bila kueleza amewaachia wasomaji tafsiri tatu.

Ugumu ni mkubwa zaidi katika “mtoto mchanga”. Katika matumizi ya hospitali zetu neno hili humtaja mara nyingi mtoto wa siku 28 za kwanza. Katika vijitabu vya huduma ya kwanza humtaja mtoto yeyote wa chini ya mwaka. Na katika mazungumzo humtaja hata yule anayezaliwa saa hii. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtoto anayezaliwa, akiwa bado mikononi mwa mkunga, ana taratibu zake: shida yake kubwa ni pumzi, na pale kifua kinapohitaji kukandamizwa hufanywa mikandamizo 3 kwa pumzi 1. Mtoto wa miezi sita aliyeanguka nyumbani ni 30 kwa 2. Mkunga na mzazi wakisoma vijitabu viwili vyenye jina moja na hesabu mbili, mmoja wao atapotea.

Limependekezwa jina la “mtoto anayenyonya”. Lakini kwetu watoto hunyonyeshwa hadi miaka 2, na mpaka tunaoutafuta ni mwaka 1. “Mzawa” limekwisha kuchukuliwa na mwenyeji wa nchi. Twapendekeza yasitafutwe maneno mapya: tuseme “mtoto anayezaliwa” kwa yule wa chumba cha uzazi, “mtoto wa chini ya mwaka” kwa wa pili, na “mtoto wa mwaka mmoja hadi kubaleghe” kwa wa tatu. Istilahi si lazima iwe neno moja.

6. Mshtuko, kuzimia na mikoromo

Neno “mshtuko” limetwikwa mzigo kuliko nguvu zake. Ni fadhaa ya ghafla. Ni hali ya mwili ambayo damu haitoshi kuvifikia viungo. Ni umeme wa mashine. Na “mshtuko wa moyo” ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo. Mwenye mshtuko wa moyo kwa maana hii ya mwisho aweza kuwa macho, ameshika kifua, anazungumza. Huyo hakandamizwi kifua. Hupelekwa hospitali upesi. Anayekandamizwa ni yule ambaye moyo wake umesimama: haitiki wala hapumui sawasawa. Mabango yanayosema “akipata mshtuko wa moyo, anza kubonyeza kifua” yanawachanganya watu wawili wenye haja mbili. Tuseme “moyo kusimama”. Ni Kiswahili cha kila siku na hakihitaji kusanifiwa zaidi.

Kadhalika “kuzimia” na “kuzirai” humtaja mtu ambaye atazinduka mwenyewe. Akiandikiwa “mtu akizimia”, msomaji atamwagia maji na kumpepea, kama tulivyolelewa.

Liko jambo jingine ambalo maandishi yetu hulipita. Moyo unaposimama, mtu aweza kuendelea kwa dakika chache kutoa pumzi moja moja, nzito, za mbali mbali, kama anayekoroma. Huko si kupumua. Vijitabu vyetu huandika “anapumua kwa shida”, na kwa kuwa anapumua, msomaji humwacha. Kiswahili kinalo neno lake la zamani, “sakarati”, na watu wazima wa pwani walijua sauti hiyo ni ya nini. Twapendekeza “mikoromo ya kukata roho”, na kando yake iandikwe wazi: hii si pumzi, anza kukandamiza.

7. Mfamaji

Kiswahili husema “amekufa maji” hata kwa mtu aliyetolewa majini sasa hivi na ambaye hakuna aliyempima. Kauli hiyo yatoa hukumu kabla ya huduma. Lakini lugha hiyo hiyo inalo neno “mfamaji”, na methali yasema mfa maji haachi kutapatapa: yu katika kufa, ila hajafa. Tuna basi neno linalomtaja mtu aliye baina ya hali mbili, nalo tumeliachia methali peke yake. Nchi iliyopata misiba ya MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 haiwezi kuliona jambo hili kuwa la watu wa mbali.

Mfamaji ana haja ya pekee, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Kwake pumzi hazisamehewi. Mashauri ya kukandamiza kifua tu bila kupuliza yaliwekwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele ya asiyefunzwa. Yasinukuliwe katika bango la bandarini au ufukweni. Wala mfamaji hakandamizwi tumbo ili maji yatoke. Muda unaopotea hapo ni wake.

Ama jina la kupuliza huko, tuliwahi kuona “busu la uhai”. Hiyo ni methali ya Waingereza iliyovikwa kanzu. Humtia mwananchi haya, hasa anapotakiwa kumhudumia asiye maharimu wake, na haisemi lolote juu ya kazi. “Mpulizo” latosha: mipulizo 2, kila mmoja hadi kifua kionekane kuinuka. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, mdomo wa anayepuliza hufunika mdomo na pua ya mtoto kwa pamoja.

8. Moyo uko wapi?

Maelekezo mengine husema “kandamiza juu ya moyo”. Mswahili aulizwaye moyo wake uko wapi huweka mkono upande wa kushoto. Na akisikia “chembe cha moyo” huweka kidole kwenye shimo lililo chini ya mfupa wa kidari. Kote kuwili siko. Akikandamiza kushoto atazielemea mbavu, na akikandamiza chembe cha moyo ataliumiza ini na tumbo. Mahali penyewe ni katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Neno “moyo” liondolewe kabisa katika sentensi inayotaja mahali pa mikono.

9. Kuhesabu kwa Kiswahili

Jambo hili hatujaliona likijadiliwa, nalo ni la lugha tupu. Kwa kasi ya mara 110 katika dakika, kila mkandamizo una kitu kama nusu ya sekunde. Wanafunzi hufundishwa kuhesabu kwa sauti hadi thelathini. Sasa “ishirini na tisa” ina silabi saba. Hakuna awezaye kuitamka kwa nusu sekunde huku akihema. Matokeo yake ni kwamba mtu huanza vizuri, na afikapo kumi na moja mikono hupungua kasi ili kuungojea ulimi.

Dawa imo katika lugha yenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi: majina yote kumi yana silabi mbili mbili, na kwa kanuni ya mkazo wetu silabi ya kwanza ndiyo nzito. Mwalimu na afundishe hivi: silabi nzito kandamiza, silabi nyepesi achia. Kumi zikihesabiwa mara tatu ni thelathini. Hapo hata kule kuachia, ambako vitenzi vyetu vilishindwa kukubeba, kumepata mahali pake katika sauti. Ni lugha chache zilizobahatika hivyo, na sisi twafundisha kama wanaohesabu kwa lugha nyingine.

Kwa njia hiyo hiyo twapinga kunakili herufi A-B-C katika mabango ya Kiswahili. Kwa Kiingereza kila herufi ni mwanzo wa neno. Kwa Kiswahili ni pambo. Tena mpangilio wenyewe ulibadilishwa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2010, kifua kikatangulia, kwa hiyo bango lenye A-B-C lafundisha utaratibu ambao wenyewe wameuacha. Tuseme kwa maneno kamili: Kifua, Njia ya hewa, Pumzi.

10. Jina la kazi yote

Sasa twaweza kulirudia jina, ambalo kamati zingeanza nalo. Yanashindana “ufufuo wa moyo na mapafu”, “kusisimua moyo na mapafu”, na herufi tatu za Kiingereza, CPR. Herufi hizo ziachiwe wauguzi wanaozijua. “Kusisimua” ni kwa hadithi na michezo. “Ufufuo” ni neno la dini, nalo latangaza kwamba aliye mbele yetu amekwisha kufa. Wako wasemao “ufufuaji” ili kuepa jambo hilo, kama tusemavyo “mwokoaji” ili tusiseme “mwokozi”. Hoja hiyo ni nzuri, lakini kauli ya kifo hubaki ndani ya kitenzi.

Sisi twachagua “kuhuisha”, lenye asili moja na hai na uhai, nalo humtazama mgonjwa kwa upande wa uhai. Kwamba maofisi sasa huhuisha leseni na takwimu si pingamizi. Zimeazima kwa mgonjwa. Na tuseme “moyo na pumzi”, si “moyo na mapafu”, maana mapafu yapo. Kilichokosekana ni pumzi.

11. Mfano wa maelekezo

Kwa kuwa uhakiki usiotoa mfano ni nusu ya kazi, twaweka hapa maneno tunayoyapendekeza. Tumetumia kauli ya kuamuru, si “kifua kinapaswa kikandamizwe”, ambayo haimwambii mtu yeyote kwamba ni yeye.

Mtu mzima: Mwite, mtikise mabega. Asipoitika, ita msaada. Tazama kifua, usizidi sekunde 10. Hapumui, au anatoa mikoromo ya kukata roho: anza. Weka sehemu nene ya kiganja katikati ya kifua; weka mkono wa pili juu yake; nyoosha mikono. Kandamiza kwa nguvu, sentimita 5, usizidi 6. Achia kifua kiinuke chote. Hesabu moja hadi kumi, mara tatu. Laza kichwa nyuma, inua kidevu, ziba pua, puliza mara 2. Rudia. Mkiwa wawili, badilishaneni kila dakika 2.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi kubaleghe: Fanya vivyo hivyo. Tumia mkono mmoja au miwili. Kandamiza kwa nguvu, theluthi moja ya unene wa kifua, kiasi cha sentimita 5. Usiache kupuliza.

Mtoto wa chini ya mwaka: Zungusha viganja mwilini, weka vidole gumba viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, au tumia sehemu nene ya kiganja kimoja. Kandamiza theluthi moja ya unene wa kifua, kiasi cha sentimita 4. Kasi ni ile ile. Kichwa kikae sawa, kisilazwe nyuma sana. Funika mdomo na pua kwa mdomo wako, puliza kidogo hadi kifua kiinuke, mara 2.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wa afya wayajaribu maneno haya kabla ya kuyachapa. Njia ni rahisi: asomewe mtu asiyefunzwa, akiwa na mwanasesere wa mafunzo mbele yake, naye asisaidiwe kwa ishara. Msomaji asimtazame usoni kuona kama ameelewa. Aitazame mikono yake. Ikichua, ikipapasa, ikienda kushoto au ikibaki chini bila kuachia, neno lililomfikisha huko liondolewe, hata kama limekwisha kupitishwa na kamati. Wenye maneno bora kutoka Lamu, Unguja, Kigoma au Lubumbashi watuletee, pamoja na maelezo ya jinsi yalivyojaribiwa.